Shajara ya mradi: kutoka kiwanja hadi kiwanja, kilomita ngapi na saa ngapi

3 Februari: Ninachotaka

Programu ndogo tu. Unaandika misimbo miwili ya viwanja vya ndege, inakupa umbali, muda wa safari na saa ya kufika, kwa Kiswahili. Najua za namna hiyo zimejaa, ila kila ninayoifungua haipatani na mwenzake. Jozi moja ya London Heathrow (LHR) na New York JFK nimeikuta ikitajwa kuwa kilomita 5,540, kilomita 5,554, maili 3,451, na penginepo "2,999" kavu isiyo na kipimo chochote. Nilianza mradi huu nikiamini kwamba watatu kati ya hao wanne wamekosea. Wote walikuwa sahihi, lakini nililijua hilo baadaye sana.

Data nimechukua OurAirports, tovuti yenye orodha ya viwanja vya ndege vya dunia nzima. Ni ya bure na imeachwa wazi kwa umma. Nimebakiza safu chache: misimbo, latitudo, longitudo, nchi. Kila kiwanja kikubwa kina misimbo miwili: wa IATA wenye herufi tatu, ule unaouona kwenye tiketi na kwenye kibandiko cha begi, na wa ICAO wenye herufi nne, wanaoutumia marubani na waongozaji wa ndege. Heathrow ni LHR na EGLL. Nairobi ni NBO na HKJK. Mtumiaji ataandika herufi tatu, lakini ndani ya programu ufunguo ni zile nne, kwa sababu viwanja vidogo vingi havina msimbo wa IATA kabisa.

Gharama hadi sasa: jioni moja.

5 Februari: Majibu matatu, mawili ya uongo

Jaribio la kwanza nilifanya kivivu. Nilichukua tofauti ya latitudo na tofauti ya longitudo, nikatumia Pythagoras kana kwamba dunia ni meza, kisha nikazidisha kwa kilomita 111 na kidogo kwa kila digrii. LHR hadi JFK ikatoka kilomita 8,241. Kosa lenyewe ni kwamba digrii moja ya longitudo ina kilomita 111 kwenye ikweta tu. Kadiri unavyopanda kaskazini mistari hiyo inasogeleana, na kwenye ncha inakutana yote.

Nikahamia kanuni ya haversine, ambayo hupima kwenye duara kuu, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa tufe:

a = sin²(Δφ/2) + cos φ1 · cos φ2 · sin²(Δλ/2)
umbali = 2 · 6,371 · asin(√a)

φ ni latitudo, λ ni longitudo, Δ ni tofauti kati ya viwanja viwili, asin ni kinyume cha sin (hurudisha pembe), na 6,371 ni wastani wa nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita.

Jibu: kilomita 7,680 hivi. Nikafurahi! Imepungua kutoka 8,241, inaelekea kuzuri. Nilikaa nayo siku nzima nikiamini kwamba wale wenye 5,540 ndio wenye matatizo. Kumbe nilikuwa nimeipa kompyuta digrii, na yenyewe husoma radiani, kipimo kingine cha pembe ambacho kwacho digrii 180 ni π. Sin ya 51 kwake si sin ya digrii 51. Ubaya wa kosa hili ni kwamba halitoi upuuzi unaoonekana kwa macho. Kwangu lilitoa namba ambayo mtu angeweza kuiweka kwenye bango. Nilipozidisha kila pembe kwa π/180, ikatoka 5,540.

Anayefuata shajara hii: kabla ya kupima chochote, jaribu pointi mbili zilizo kwenye longitudo moja na zinazopishana digrii moja ya latitudo. Usipopata kilomita 111, simama hapo hapo.

9 Februari: Kilomita 14,475

Nilitaka toleo la lahajedwali (Excel) kwa wasioandika programu. Nikahamisha kanuni, safari hii kwa atan2, njia nyingine ya kupata pembe inayopokea namba mbili, y na x, badala ya asin. Sababu ni kwamba kwa viwanja vilivyo karibu kabisa kupingana duniani, ukadiriaji wa desimali unaweza kuisukuma a ikavuka 1 kwa chembe, na asin ikakataa kujibu. Ukibaki na asin, iwekee kizuizi isivuke 1.

Lahajedwali likaniambia London na New York zimeachana kwa kilomita 14,475. Radiani zilikuwa sawa, alama sawa, namba sawasawa na za awali. Saa mbili zilipita hivyo. Kilichoniokoa ni kujumlisha bila sababu maalumu: 14,475 na 5,540 ni 20,015, ambayo ni nusu kamili ya mzunguko wa dunia kwa nusu kipenyo nilichotumia. Kwa hiyo hesabu haikuwa mbovu. Ilikuwa inanipimia umbali wa kutoka London hadi upande wa pili wa tufe, mkabala na New York.

Chanzo: kwenye lugha nyingi za programu atan2 huanza na y kisha x. Kwenye Excel huanza na x kisha y. Nikageuza mpangilio, basi.

14 Februari: Viwanja vilivyohama

Hii ndiyo sehemu iliyonila muda mwingi kuliko hesabu yenyewe.

Kwanza alama ya kutoa. Kwa viwanja vichache nilikuwa nimejazia kwa mkono kutoka orodha nyingine, ambayo iliandika kusini kwa herufi S kwenye safu yake. Safu hiyo niliitupa nikidhani ni pambo. Dar es Salaam ikahamia latitudo 6.88 kaskazini, ndani ya Ethiopia, na safari ya Nairobi–Dar ikawa kilomita 946. JFK ikiandikwa bila alama ya kutoa kwenye longitudo inaangukia Kyrgyzstan.

Pili, dakika na sekunde. Nyaraka rasmi za anga huandika mahali kwa digrii, dakika na sekunde. JFK ni 40°38′23″ kaskazini. Mimi nikaandika 40.3823. Jibu sahihi ni 40 + 38/60 + 23/3600, yaani 40.6397. Tofauti hiyo ni karibu kilomita 29, na haionekani ukipima safari ndefu. Niliigundua kwa sababu tu nilipima umbali kati ya viwanja viwili vya mji mmoja na jibu likanishangaza.

Tatu, Namibia ilipotea. Nchi nzima. Windhoek (WDH) haikuwepo, wala kiwanja chake kingine chochote. Msimbo wa nchi ya Namibia ni NA, na maktaba (programu iliyoandikwa tayari na wengine) niliyotumia kusoma faili huichukulia NA kuwa maana yake "hakuna data". Mimi nilikuwa nimeagiza mistari isiyo na nchi ifutwe. Dawa ni kuiambia isome safu hiyo kama maandishi tu na isijifanye inaelewa. Ukiwa na safu ya bara, angalia na Amerika Kaskazini, maana nayo huandikwa NA.

Nne, Istanbul. Msimbo IST ulihama tarehe 6 Aprili 2019 kutoka kiwanja cha Atatürk kwenda kiwanja kipya, na Atatürk kikapewa ISL. Viwanja hivyo viwili vimeachana kwa takribani kilomita 32. Faili langu la zamani, nililokuwa nimelichanganya na jipya bila kufikiri, lilikuwa na IST ya zamani. Msimbo ni jina, na jina huhama na mwenye nalo: Hong Kong ilihamia kiwanja kipya mwaka 1998 na HKG yake ikaenda nayo. Sasa kila mstari una tarehe ya kusahihishwa.

Gharama ya hatua hii: jioni tano. Sikupanga hata moja.

20 Februari: Dunia si mpira

Hapa nikarudi kwenye 5,540 na 5,554. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake. Kwa vipimo vya WGS84, ambavyo GPS hutumia, nusu kipenyo kwenye ikweta ni kilomita 6,378.137 na kwenye ncha ni 6,356.752. Anayehesabu kwa tufe anapata 5,540. Anayehesabu kwa umbo halisi anapata 5,554. Gawanya hiyo ya pili kwa 1.609344 upate maili 3,451 za kawaida. Gawanya kwa 1.852 upate maili 2,999 za baharini, kipimo cha marubani. Wanne wote walikuwa wanasema kitu kimoja.

Nilidhani tufe hupunguza umbali siku zote. Hapana. Nairobi–Dar ilitoka kilomita 668 kwa tufe na 665 kwa umbo halisi, yaani imepungua. Safari hiyo inaelekea kusini zaidi kuliko mashariki, karibu na ikweta, na huko digrii moja ya latitudo ina kilomita 110.6 tu. Kwa hiyo huwezi kuzidisha kila kitu kwa namba moja ya marekebisho. Nilijaribu, nikafuta.

Nilitumia kwanza kanuni ya Vincenty ya mwaka 1975. Ni nzuri, mpaka uipe pointi zinazokaribia kupingana. Pointi (0, 0) na (0.5, 179.7) ziliifanya izunguke bila kufika, na programu yangu ikaganda. Nikabadilisha kwenda njia ya Charles Karney ya mwaka 2013, ambayo hufika kila mara. Ipo tayari kwenye maktaba za lugha nyingi, usijiandikie.

Ushauri wangu wa kweli: kwa matumizi ya msafiri, haversine inatosha. Hitilafu yake ni nusu ya asilimia hivi ikizidi sana, na hakuna ndege inayofuata duara kuu kwa usahihi huo. Mimi niliendelea kwa sababu namba zisizopatana huninyima usingizi. Ukaidi huo huo ulinipotezea jioni nyingine nikiongeza urefu wa kwenda juu, kwa hoja kwamba ndege iliyo kilomita 11 angani inazunguka duara kubwa zaidi. Ni kweli, na kwa London–New York inaongeza kilomita 10. Nimeiondoa.

2 Machi: Muda, na namba 900

Kila mtu hugawanya umbali kwa kilomita 900 kwa saa. Nami nikagawanya. London–New York: saa 6 na dakika 10. Ratiba husema karibu saa 8 kwenda na karibu saa 7 kurudi. Nairobi–Dar: dakika 44, wakati kwenye tiketi ni saa moja na zaidi ya robo.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi si muda wa kuwa angani. Huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho mpaka inaposimama kwenye maegesho ya huko iendako. Ndani yake kuna kutambaa ardhini, kusubiri zamu ya kuruka, kupanda taratibu, kushuka taratibu, kuzungushwa kidogo juu ya kiwanja chenye msongamano, pamoja na dakika ambazo mashirika hujiongezea ili yasionekane yamechelewa.

Nikachora mchoro: umbali chini, muda wa ratiba pembeni, jozi moja nukta moja. Nukta zikajipanga karibu kwenye mstari ulionyooka, na mstari huo haukuanzia sifuri. Ulianzia juu kidogo ya nusu saa. Hapo ndipo nilipopata kanuni ninayoitumia mpaka leo:

muda = dakika 35 + umbali ÷ 850

Nairobi–Dar inatoka saa 1 na dakika 22. Singapore–New York, safari ya kilomita 15,300 na ushee, inatoka saa 18 na dakika 38, na hapo nilipiga meza kwa furaha kwa sababu inalingana na ratiba kwa dakika chache.

London–New York inatoka saa 7 na dakika 7, kwenda na kurudi sawasawa. Hapo ndipo kanuni inapovuja, maana upepo haumo. Juu kule, kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Nikaweka kilomita 80 kwa saa: toa kwenye mwendo ukienda magharibi, ongeza ukienda mashariki. Kisha dakika 15 zaidi kwa jozi ya viwanja vyenye msongamano. Imekuwa saa 8 na dakika 3 kwenda, saa 6 na dakika 48 kurudi. Naikubali.

Nilikuwa nimeandika kwenye maelezo kwamba "kwa safari ya kwenda na kurudi upepo hujifuta". Nimefuta sentensi hiyo. Chukua London–New York kwa upepo wa kilomita 100 kwa saa, bila zile dakika za nyongeza: kwenda saa 7 na dakika 24, kurudi saa 5 na dakika 51, jumla saa 13 na dakika 15. Bila upepo jumla ni saa 13 na dakika 4. Ndege hukaa muda mrefu zaidi ikipingana na upepo kuliko ikisukumwa nao, kwa hiyo kinachopotea hakirudi chote.

Programu sasa hutoa muda wa chini na wa juu, si namba moja. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyopiga Ulaya, ndege ya abiria ya kawaida ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Programu inayoapa kwa saa 6 na dakika 48 ingeonekana mjinga siku hiyo.

17 Machi: Safari ya saa hasi sita

Nilijaribu kinyume: kuipa programu saa ya kuondoka na ya kufika kutoka kwenye ratiba, ihesabu muda. Tokyo kuondoka 17:00, Los Angeles kufika 11:00 tarehe ileile. Jibu: saa –6. Geuza zote kuwa saa za UTC (saa ya pamoja ya dunia) kwanza: 17:00 ya Tokyo ni 08:00, na 11:00 ya Los Angeles siku hizi ni 18:00. Saa 10. Abiria anafika kabla ya saa aliyoondokea na hakuna muujiza wowote.

Nilikuwa nimehifadhi tofauti ya saa kama namba nzima kwa kila kiwanja. Kathmandu, ambayo iko mbele kwa saa 5 na dakika 45, ikakatwa dakika 45 kimyakimya. India ikapoteza 30.

Kosa kubwa zaidi nimelikuta leo kwa bahati ya tarehe. Ndege inayotoka London 11:00 nilionyesha inafika New York 14:03, kumbe ni 15:03. Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Uingereza husubiri Jumapili ya mwisho. Katika majuma haya ya katikati tofauti ni saa 4, si 5. Ningejaribu Februari au Mei nisingeliona kamwe. Nimetupa namba zote na kuweka majina ya kanda kutoka hifadhidata ya IANA, orodha ya kanda za saa za dunia na mabadiliko yake, kama Europe/London na Africa/Dar_es_Salaam. OurAirports haina majina hayo, kwa hiyo nimeyatafuta kwa kulinganisha mahali pa kiwanja na ramani ya mipaka ya kanda. Jioni mbili.

24 Machi: Saa za Kiswahili

Niliacha hii mwisho nikidhani ni ya dakika tano. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu asubuhi na tena jioni: 07:00 ni saa 1 asubuhi, 14:00 ni saa 8 mchana. Ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki, na baki likiwa sifuri andika 12. Nikaandika kitendaji, yaani kipande cha programu kinachofanya hesabu hiyo, nikakipitisha kwenye kila kitu kinachoonyeshwa.

Binamu yangu ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuijaribu. Akanitumia ujumbe: "London hadi New York saa mbili? Na Nairobi hadi Dar saa saba? Basi mimi napanda basi." Kitendaji kilikuwa kimegeuza hata muda wa safari. Saa 8 angani zikawa saa 2, saa 1 na dakika 22 ikawa saa 7 na dakika 22. Kwetu neno moja, saa, linabeba muda na linabeba wakati, na kompyuta nilikuwa nimeipa neno tu.

Wengi wetu tukizungumza tunasema "masaa" tukimaanisha muda, na wahariri hutukemea. Nimewahi kuwa upande wa wahariri. Baada ya leo naelewa kwa nini watu wamelishikilia neno hilo. Hata hivyo nimeandika "muda wa saa 8" kwa safari, na saa ya kufika haitoki kamwe bila alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku mbele yake.

Likabaki la usiku wa manane. Ndege ya 00:40 tarehe ya Jumatatu niliionyesha "Jumatatu, saa 6 na dakika 40 usiku". Binamu akasema angekwenda kiwanjani Jumatatu baada ya kula cha usiku, yaani angechelewa kwa saa 24. Yuko sahihi; mtu akikuambia Jumatatu saa sita usiku, unafikiria usiku unaofuata mchana wa Jumatatu. Sasa chochote kati ya 00:00 na 03:59 kinaandikwa "usiku wa kuamkia Jumatatu", na tarehe ya tiketi pembeni.

9 Aprili: Ilipofikia

Helsinki–Tokyo bado inanishinda. Duara kuu ni kilomita 7,800 na ushee, na kanuni inatoa saa 9 na dakika 48, ambayo ilikuwa sawa zamani. Tangu Februari 2022 anga ya Urusi imefungwa kwa mashirika ya Ulaya, na safari hiyo sasa huchukua karibu saa 13, kwa kuzungukia kaskazini au kusini. Umbali kati ya viwanja haujabadilika hata mita moja. Singapore–New York nayo kwa duara kuu hupita karibu na Ncha ya Kaskazini, lakini ndege zake mara nyingi hufuata upepo, kwenda njia moja na kurudi nyingine.

Nimeongeza orodha ya maeneo ya anga yaliyofungwa, inayojazwa kwa mkono, na programu inapoona njia inakatiza humo inaandika "umbali wa ramani" badala ya "umbali wa safari" na haitoi muda. Jumla ya gharama: jioni 23, pesa sifuri. Kilichobaki ni kurudia tarehe za kusahihishwa kwa viwanja 40 ambavyo sijavigusa tangu Februari, nikianzia na vile viwili vya Istanbul.